Mahari Isiyoingia Kwenye Kontena

Xiaobei, Wilaya ya Yuexiu,
Guangzhou.
9 Februari 2025

Kwa Bi. Swalha binti Gharib,
Magomeni, Dar es Salaam.

Mke wangu mpendwa na mheshimiwa mwombwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

YAH: OMBI LA KUSOGEZA MBELE SAFARI YA PETRA

Ninayo heshima kukuandikia barua hii kwa madhumuni ya kuomba kwamba safari yetu ya kwenda kuutazama mji wa Petra, uliochongwa ndani ya majabali ya jangwa la Jordan, ambayo umetaka ifanyike mara baada ya Idi el-Fitr, isogezwe hadi mwezi Desemba mwaka huu.

Rejea ujumbe wako uliofikishwa kwangu kwa mkono na Ndugu Aloyce, mwuza viatu, ambao kwa ufupi ulisema kwamba mambo ya duka tutaendelea kuyazungumza kwa simu kama kawaida, lakini neno Petra hutalisikiliza tena kwa simu, na kwamba nikiwa na la kusema juu yake niliandike, nitie tarehe na saini. Nimetii. Napenda uone kwamba nimetii.

Ninatambua kuwa safari hii si matembezi. Ni mahari yako, niliyoikubali mbele ya mashahidi siku ya ndoa yetu, nayo mpaka leo haijatimizwa. Silikani hilo, na sijapata kulikana. Ninachoomba ni muda, kwa sababu zifuatazo:

(a) Viwanda vimefunguliwa juzi baada ya sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, na mizigo ya wateja imelundikana kwa wakala.

(b) Mwezi Aprili ni maonyesho ya biashara ya Pazhou, hapa Guangzhou. Wateja wangu wa Dar na wa Lubumbashi hawaingii katika kumbi zile bila mimi. Hawajui kiwanda kipi ni kiwanda na kipi ni dalali aliyekodi meza.

(c) Mwezi Desemba kazi hupungua, nasi tutasafiri kwa utulivu, kama watu wenye heshima zao.

Naomba ombi hili lipokelewe kwa moyo mkunjufu. Ndugu Aloyce anarudi Dar Jumatano na ameahidi kuifikisha bahasha mkononi mwako bila kuifungua.

Natanguliza shukrani zangu za dhati.

Wako mtiifu,
Abdulwakil Marijani


Magomeni,
23 Februari 2025

Baba Kauthar,

Waalaykum salaam. Barua nimeipata. Niliisomea dukani, na nilipofika kwenye "mheshimiwa mwombwa" nikaigeuza bahasha nitazame kama kweli ni yangu au Aloyce amenipa ya mkuu wa wilaya. Mume wangu, hata watu wa kodi hawaandikiwi hivi. Aloyce alikuwa amesimama palepale akijifanya anaangalia madaftari. Nikamuuliza, "Umeifungua?" Akasema, "Shemeji, niifungue ili iweje? Mumeo akiandika, mtu wa kawaida haelewi." Basi umesifiwa.

Unajua kwa nini nimetaka maandishi? Kwa simu wewe ni fundi. Unaanza na "mke wangu", unapita kwenye bei ya yuani, unashukia kwenye kontena lililokwama, mtandao unakatika, na mimi nabaki na simu sikioni nasema haya, haya. Hiyo "haya" nimeisema miaka kumi na saba. Karatasi haikatiki mtandao.

Nikukumbushe siku yenyewe, maana naona umeiweka kwenye mstari mmoja. Sheikh aliuliza bibi harusi anataka nini. Kaka Rahim, aliyekuwa walii wangu, akajibu, "Anataka apelekwe Petra." Ukumbi mzima ukacheka. Sheikh akauliza tena, akidhani Rahim anatania. Kisha akasema mahari sharti ijulikane, huo mji ni upi na uko wapi? Shangazi akaenda chumbani akarudi na ile kalenda ya kampuni ya meli ambayo marehemu baba aliitundika juu ya cherehani yake, akakataa kuitoa hata mwaka wake ulipokwisha, kwa ajili ya ile picha. Sheikh akaitazama, akasema, "Unajulikana." Na wewe ukaitikia kwa sauti kabla hujaulizwa: "Nimekubali." Wanawake huku ndani tulikusikia. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Desemba siitaki. Nimesoma. Mji ule unaingiwa kwa mpenyo mwembamba kati ya majabali mawili marefu, na miezi ya baridi mvua ikinyesha, maji hushuka humo kwa kasi na watu huondolewa. Ungekuwa umeufikiria hata kidogo ungelijua hilo. Wewe Desemba umeiona kwenye ratiba ya viwanda tu.

Nakupa mpaka baada ya Idi ya Kuchinja. Ni Juni. Joto nitalivumilia. Nimeshavumilia mengine.

Wako,
Swalha

Chupa za maji za watoto zimekwisha. Hilo nitakupigia simu.


Xiaobei, Guangzhou.
16 Machi 2025

Kwa Bi. Swalha binti Gharib.

Mke wangu mpendwa,

Assalaam alaykum, na Ramadhani njema.

YAH: MAENDELEO YA MAANDALIZI, NA KIZUIZI CHA KISHERIA

Husika na barua yako ya tarehe 23 Februari, ambayo nimeisoma kwa makini, pamoja na kejeli zilizomo.

Ninakubali kimsingi tarehe uliyoitaja. Hata hivyo ni wajibu wangu kukuarifu kwamba pasipoti yangu imewasilishwa kwa ajili ya kuhuishwa kibali cha ukaazi, nami nimepewa stakabadhi inayoniruhusu kuzunguka ndani ya nchi hii lakini si kutoka. Jambo hili halimo mikononi mwangu.

Pili, na hili ni zito zaidi. Nilipompigia kaka yako Rahim kumtakia heri ya mwezi, alinitahadharisha kwamba mji uliochongwa katika majabali ni mji wa Thamud, kaumu ya Nabii Saleh iliyoangamizwa, na kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwakataza maswahaba wake kuyaingia makazi ya watu wale isipokuwa wakiwa wanalia. Kwa hiyo linazuka swali: je, inafaa mahari kuwa ni mandhari ya mahali pasipofaa kutazamwa kwa furaha? Mimi si mwanachuoni. Lakini mtu anayejali dini yake hawezi kulipita swali kama hilo na kwenda kukata tikiti. Napendekeza jambo hili lipelekwe kwanza kwa wenye elimu, watoe maelezo ya maandishi, ndipo tupange tarehe.

Wakati tukingojea, nimekuandalia kitu. Juma lililopita nilikuwa barabara ya Yide kununua vifaa vya shule, na katika duka moja la sanamu ndogondogo nikaiona Petra. Ile ile ya kalenda: nguzo, paa lililokatika katikati, ule mtungi wa jiwe kileleni. Nilisimama pale kama mtu aliyeitwa jina lake. Nikamwomba laobani, yaani mwenye duka, aniuzie moja. Akatikisa mkono: "Bu xing." Haiwezekani, kipande kimoja hakiuzwi. Nikamweleza kwamba ni kwa ajili ya mke wangu. Akaniambia nimnunulie basi kama mume. Nimechukua katoni arobaini. Zimo ndani ya kontena linaloondoka mwisho wa mwezi, nyuma ya madaftari, upande wa kushoto ukifungua.

Naomba uzipokee kama rehani ya nia yangu njema.

Wako mtiifu,
Abdulwakil Marijani


Mbweni, Unguja.
11 Aprili 2025

Kwa shemeji Abdulwakil,

Ama baada ya salamu, sisi huku wazima, Idi tumeila vizuri, na samaki mwaka huu ghali.

Shemeji, Swalha amenisomea barua yako kwa simu, ile ya kizuizi cha kisheria. Alinisomea taratibu, kila neno. Sijapata kuona haya hivyo tangu nilipoanguka na baiskeli mbele ya wakwe zangu.

Lile neno nilikwambia nikiwa kwenye foleni ya boti, huku nashindana na mtu aliyenipita mbele. Nilikosea. Nimekwenda kwa ustadhi wa madrasa yetu, akanichorea ramani nyuma ya bahasha. Mji wa Thamud ni al-Hijr, uko Saudia, upande wa Madina. Huko ndiko lilikosemwa lile neno la kuingia mkilia. Huu wa dada yangu uko Jordan, ni safari ndefu kutoka pale kwenda kaskazini. Watu wanaichanganya miji hiyo kwa sababu yote imechongwa mwambani na nyuso za nyumba zake zinafanana. Kwa hiyo nililolisema nimelifuta, na wewe lifute kwenye barua zako. Mimi nilitamka sentensi moja, wewe umeifanya mahakama.

Nikuulize kiume. Ulifurahi nilipokwambia? Maana nilikusikia kwenye simu. Ulisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya mtu aliyeondolewa mzigo. Nimelifikiria hilo siku nyingi.

Swalha ameniomba kitu, nimemkubalia. Atakueleza mwenyewe akitaka.

Nduguyo,
Rahim Gharib


Magomeni,
18 Mei 2025

Baba Kauthar,

Kontena limefunguliwa. Nyuma ya madaftari, upande wa kushoto.

Nilibomoa katoni ya kwanza peke yangu, nimefunga mlango wa stoo. Nikatoa karatasi, nikatoa nailoni, nikaishika mahari yangu mkononi.

Abdulwakil. Ni pambo la tangi la samaki.

Limepakwa rangi ya sabuni ya kuogea. Chini lina tundu la kupitishia mpira wa pampu ya hewa, ili mapovu yatokee mlangoni. Nimeligeuza nyuma: hakuna nyuma. Ni uso mtupu. Na kwenye katoni wameandika "Misri".

Nililiweka mezani nikalitazama. Akaingia mama mmoja kununua kalamu za rangi. Akauliza, "Hicho kidude kizuri unauzaje?" Nikamwambia hakiuzwi. Akasema, "Unacho kingine?" Nikatazama zile katoni zimenijaa mpaka mlangoni, nikamwuzia. Kisha akaja mwingine. Kuna kijana anauza samaki wa mapambo hapa mtaa wa pili, ameniambia nimwekee zote ambazo nitashindwa kuziuza. Sishindwi. Mahari yangu inatoka kama njugu, mume wangu, na kila anayeichukua ananiuliza ni msikiti wa nchi gani.

Sasa nisikilize. Hujawahi kuniuliza kwa nini niliutaka mji ule. Miaka yote hii hujauliza, nadhani uliona ni utoto.

Nilikuwa nakujua kabla hujanioa. Ulikuwa tayari mtu wa mizigo. Ulimtumia mama yako friji kutoka Dubai badala ya kuja kumwuguza. Friji zuri, mpaka leo linagandisha. Nikajisema, huyu nikimwomba dhahabu ataituma. Nikimwomba kitanda atakituma. Nimwombe kitu ambacho hakiingii kwenye kontena, ambacho hakiwezi kunifikia mpaka yeye mwenyewe awe amesimama ubavuni kwangu. Nikaikumbuka kalenda ya baba. Nyumba zile hazikujengwa, zilichongwa kwenye jabali, na jabali halipakiwi. Nilijiona nina akili sana.

Na wewe umelipakia.

Umeniletea pasipoti, umeniletea Pazhou, umeniletea mpaka kaumu ya Thamud. Niandikie sababu moja ya kweli iliyokufanya usinipeleke. Moja, isiyo na (a) wala (b). Nitaisoma hata ikiwa mbaya.

Swalha


Xiaobei, Guangzhou.
8 Juni 2025

Kwa Bi. Swalha binti Gharib.

Mke wangu,

Assalaam alaykum. Idi Mubarak, ingawa ni Idi ambayo baada yake tulipaswa kusafiri.

YAH: MAELEZO, NA MASHARTI MACHACHE YA UTEKELEZAJI

Nimepokea barua yako. Nimeikunja na kuikunjua mara nyingi hata mistari ya mkunjo imeanza kuchanika. Naomba kwanza nieleze malalamiko yangu, kwa kuwa nami ninayo.

Umeniandikia habari ya friji. Duka unalosimama ndani yake, rafu zake, taa zake, hata kiti unachokalia ukiniandikia kwamba natuma badala ya kuja, vilipita katika mikono hii. Ninaishi katika chumba ambacho nikinyoosha miguu nagusa boksi la mteja. Ninawaandikia watu wa mtaa huu maombi yao yote, ya hoteli, ya mizigo iliyopotea, ya vibali, na watu wasionijua huniita Mwalimu ingawa sikumaliza darasa la kumi. Kila ninayemwandikia hujibiwa. Ni mke wangu peke yake ambaye kila nikimwandikia ombi hulirudisha na kicheko. Hilo linaniuma, na nimeona niliweke wazi.

Kuhusu pasipoti, imerudi. Kuhusu rangi ya pambo, katika duka taa zilikuwa za manjano na sikuona. Kuhusu tundu, nililiona. Nilidhani ni la kutundikia.

Sasa sababu moja. Naomba uniruhusu niipitie kwa njia ya mazungumzo, kwa kuwa sijui njia nyingine.

Yupo mfanyabiashara Mkongo, Bwana Chadrack wa Lubumbashi, mteja wangu wa siku nyingi na rafiki. Miaka mingi iliyopita tulikuwa tunakula pamoja katika mgahawa hapa chini, nami nilimweleza kwamba ninajikusanya ili nikamilishe mahari ya mke wangu mara moja, yaishe. Akaweka kijiko chini. Akaniambia, nanukuu: "Papa Abdul, weye una wazimu? Kwetu dot haiishake. Unapana kidogo, unabakisha kidogo. Ukimaliza yote siku moja, ni sawa na kumwambia beau-père au revoir. Hiyo yenye kubakia ndiyo inakufunga na bibi." Dot kwao ndiyo mahari, beau-père ni baba mkwe, na au revoir ni kwaheri. Watu wote mezani wakaitikia. Mama Eugénie, mwenye mgahawa, akasema hata kwake mumewe anadaiwa mbuzi mpaka kesho na ndiyo maana anamsalimia vizuri.

Niliwaambia kwamba kwetu Waislamu sivyo. Niliwaambia kwa ufasaha. Lakini niliporudi chumbani neno lile lilibaki. Nilikuwa mbali nawe, nakuona mara moja kwa mwaka, na kila nikija unakuta nimezeeka kidogo na nimenyamaza zaidi. Nilijihesabu nina nini kinachokufanya uningojee. Nikaona ninacho kitu kimoja ambacho ulikuwa bado hujakipata kwangu.

Kwa hiyo ninapendekeza safari ifanyike mwezi Novemba, baada ya maonyesho ya pili ya Pazhou, kwa masharti yafuatayo:

(a) Kwamba baada ya mahari kukamilika, mwombwa asichukulie kuwa yote kati yetu yamekamilika.

(b) Kwamba hali ya ndoa iendelee kama ilivyokuwa kabla ya kukamilika huko.

(c) Kwamba mwombwa akubali masharti (a) na (b) kwa maandishi kabla ya tikiti kukatwa.

Naomba radhi kwa herufi.

Wako mtiifu,
Abdulwakil Marijani


Magomeni,
24 Agosti 2025

Abdulwakil,

Nimechelewa kukujibu. Aloyce amekuja Dar na kurudi China mara mbili bila barua yangu, na mara zote mbili aliniuliza, "Hakuna kitu, shemeji?" nikamwambia hakuna. Nilijua anakwambia. Nilitaka ukae hivyo kidogo, ujue kungojea kukoje.

Masharti (a), (b) na (c) nimeyasoma kwa sauti jikoni. Kauthar alikuwa anakosha vyombo. Akasema, "Mama, baba anaogopa." Nikamwambia endelea na vyombo. Kisha nikakaa.

Basi ndiyo hiyo. Miaka yote nikidhani hunioni wa thamani ya tikiti, kumbe wewe umenifunga kwa tikiti. Nimelia, halafu nimekasirika, na nilipomaliza kukasirika nikakasirika tena, kwa sababu ya Chadrack. Mtu wa Lubumbashi, ambaye sijawahi kumwona, na mila zake njema kwao, ndiye aliyekaa kati yangu na wewe akila wali wakati mimi naangalia kalenda. Kwa nini hukuniuliza mimi? Mahari kwetu ni haki yangu, basi. Hainunui kubaki kwangu, na nikiipata hainipi ruhusa ya kuondoka. Ningetaka kuondoka ningeondoka nikiwa nakudai. Wanawake wangapi wameondoka hivyo? Nimekaa kwa sababu nimetaka kukaa. Wewe umeuchukua utashi wangu ukauita deni.

Masharti yako siyatii saini. Hujanikosea kwa kuogopa. Umenikosea kwa kuogopa peke yako, mbali, kwenye karatasi.

Sasa habari. Mapambo yote yamekwisha. Mwenye hoteli mmoja alinunua katoni za mwisho, kila meza ya ukumbini kwake ina Petra ya rangi ya sabuni. Fedha zile sikuzichanganya na za duka. Nimekata tikiti. Kaka Rahim atanisindikiza. Hilo ndilo nililomwomba tangu Aprili, alipoona haya kwa ajili ya Thamud. Viza zimetoka. Tarehe kumi na tano Oktoba asubuhi, siku Pazhou wanafungua milango, mimi nitakuwa naingia katika ule mpenyo kati ya majabali. Tarehe hiyo niliichagua kwa makusudi, nisikufiche.

Nilimwuliza sheikh: nikienda mwenyewe, mahari imekwisha? Akasema uliyekubali kunipeleka ni wewe, hujanipeleka, basi bado iko juu yako, labda nikusamehe. Akaniuliza, "Unamsamehe?"

Nikamwambia nitakwenda kuuona mji kwanza.

Swalha


Xiaobei, Guangzhou.
5 Oktoba 2025

Kwa Swalha binti Gharib,
Magomeni, Dar es Salaam.

Mke wangu mpendwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

YAH: OMBI LA KUFUATA

Ninayo heshima kukuandikia kwa madhumuni ya kuomba ruhusa yako ya kufika Petra tarehe kumi na tano mwezi huu. Barua hii nimeiandika upya mara kadhaa, na kila nilipoiandika ilizidi kuwa fupi, jambo ambalo halijapata kunitokea.

Naondoa masharti (a), (b) na (c) ya barua yangu ya tarehe 8 Juni. Nimeyasoma tena. Ningeletewa na mteja nimwandikie, ningemwambia aende kwanza nyumbani akazungumze na mkewe.

Mtaa umejaa. Wateja wanashuka kutoka uwanja wa ndege na masanduku matupu, wananiita kutoka ng'ambo ya barabara. Nimewakabidhi wote kwa Chadrack. Alikataa. Akasema, "Papa, Pazhou bila weye? Hawa watu watanunua meza za dalali!" Nikamweleza ninakokwenda, na kwamba neno lake la siku ile lilinigharimu miaka. Akasema, "Lakini mi nilikuwa nasemea bibi yangu, si wako. Weye hukumwuliza wako?" Nikamwambia sikumwuliza. Akachukua orodha ya wateja, na Mama Eugénie akanifungia chapati za njiani, kana kwamba naanza safari leo.

Pasipoti ninayo. Viza ninayo. Tikiti ya kwenda Amman nimeikata, lakini ni ya aina inayoweza kurudishwa, nami naomba usilifahamu vibaya hilo. Sikutaka nikute nimeshajilazimisha kwako kwa sababu fedha haiwezi kurudi. Ningeweza kufika tu na kusimama mlangoni. Rahim angenipokea, nawe usingenifukuza mbele za watu. Nimeona nikifanya hivyo nitakuwa nimekutumia tena kitu ambacho hukukiomba.

Safari hii si yangu. Umeilipia wewe, na nikija sitakuwa ninakupeleka. Nitakuwa mtu anayefuata. Sidai kwamba hilo linaitimiza mahari. Sheikh amesema bado iko juu yangu, nami naikubali kwa sauti ileile ya siku ile, na ukitaka nikupeleke tena mwakani, na mwaka unaofuata, mpaka uchoke na mji huo, nitakupeleka. Ukitaka kuuona mara ya kwanza bila mimi, vilevile nitaelewa, ingawa sitasema kwamba sitaumia.

Sampuli ya pambo niliyopewa na laobani nilipolipia katoni zile ilikuwa mezani kwangu, nikiitumia kuwekea kalamu. Nimeigeuza nyuma kama ulivyofanya. Nimemrudishia laobani wa Yide. Hakuelewa kwa nini.

Aloyce anaondoka leo mchana, na ameahidi kukufikishia bahasha kesho kutwa, dukani. Unaweza kunijibu kwa simu. Nitaipokea, na nitanyamaza mpaka umalize.

Naomba uamuzi wako: nije, au nisije?

Mumeo,
Abdulwakil